Bakteria wa Uani kwa Sonara

Rafiki yangu aliingia maabara akiwa ameshika mkebe wa samli kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Nilikuwa naosha vyombo vya kioo kwenye sinki la chuo, mikono imeganda kwa maji ya Julai. Alikuwa amevaa glavu, na hilo lilinishangaza, maana hatukuwa tumeanza kazi.

"Sasa," akasema. "Una nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Ya kunitafutia kitu kilicho hai ndani ya sumu."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Sote wawili tulikuwa tunasomea shahada ya pili ya elimu ya vijidudu, na urafiki wetu ulikuwa wa tangu mwaka wa kwanza, tulipojikuta peke yetu kwenye meza ya wasiokula nyama: yeye kwa sababu ya dini, mimi kwa sababu ya tumbo. Yeye alitoka kwa jamaa ya Wahindu wa Parklands, mafundi wa dhahabu kizazi baada ya kizazi. Mimi ni Mkamba. Nililelewa mtaa wa Jamhuri kwa kuwa baba alikuwa mfanyakazi wa serikali. Alipostaafu akarudi Ukambani kulima, nami nikapanga chumba Kangemi ili nisiache masomo.

Aliuweka ule mkebe mezani, tena mbali na mkate wangu, akaanza kunieleza.

Babu yake alikuwa sonara. Duka lake lilikuwa katikati ya jiji la Nairobi, Mtaa wa Biashara, limebanwa na maduka ya vitambaa na blanketi. Sonara hatupi vumbi. Kila jioni alifagia chini ya meza yake, akazoa unga wa dhahabu uliochanganyika na uchafu, akaubeba nyumbani. Uani alikuwa na banda la mabati. Humo alilichanganya lile vumbi na zebaki, yale madini yanayotiririka kama maji, kwa maana zebaki huinasa dhahabu na kuacha taka. Kisha aliichoma kwenye karai juu ya jiko la makaa. Zebaki ikapaa kwa moshi, dhahabu ikabaki. Mabaki aliyaosha kwa tindikali, na maji yake akayamwaga chini ya ukuta. Alifanya hivyo maisha yake yote ya kazi. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna ubaya.

"Mwishoni mikono ilikuwa inamtetemeka," akasema rafiki yangu. "Hakuweza hata kushika kibano. Tukasema ni uzee."

Mzee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sasa walipolivunja lile banda, baba yake rafiki yangu aliona matone ya fedha yakikimbia kwenye nyufa za sakafu kama shanga zilizokatika uzi. Akapeleka udongo wa uani kwa mkemia wa serikali. Jibu lilikuwa zebaki, na nyingi. Nyanya yake alikuwa amepanda mboga zake hapo hapo kwa miaka. Daktari alimpima bibi huyo, akasema iliyomo mwilini si ya kumlaza hospitalini, lakini asile tena chochote kilichoota pale.

"Baba ameita lori," akasema. "Jumamosi wanakuja kuchimba na kuondoa udongo wote. Mimi nilichota huu kwanza. Nilifikiri, kama kuna bakteria ambaye ameishi hapo chini ya ukuta miaka yote hiyo, lazima awe na ujanja wake."

Niliutazama ule mkebe. Nakumbuka nilisahau kabisa baridi ya maji.

Jumamosi nilikwenda kwao. Nilitaka tu kuona mahali penyewe kabla hapajafukuliwa. Lori lilikuwa limeshaingia kinyumenyume hadi uani, na vijana wawili walikuwa wamesimama na sepeto wakingoja. Nyanya mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, sari nyeupe ya ujane, sweta ya kijivu juu yake. Nyumba nzima walimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, nami nilikuwa nimezoea kumwita hivyo hivyo.

Nikamuuliza dereva, kwa mazungumzo tu, "Huu mnaupeleka wapi?"

"Kangemi," akasema. "Kule bondeni karibu na mto. Kuna akina mama wanajaza mashamba yao. Udongo mweusi kama huu wanaupenda sana, madam. Tukifika wanashangilia."

Bonde lile nilikuwa naliona kutoka mlango wa chumba changu. Akina mama hao ndio walioniuzia sukuma wiki, na mmoja wao alikuwa na mazoea ya kuniongezea majani mawili matatu akisema nimekonda kwa vitabu.

"Huwezi," nikasema. "Huu udongo una sumu."

"Mimi nimeambiwa ni udongo."

Baba yake rafiki yangu alikuja, shati limepigwa pasi, simu mkononi. Aliposikia hakukasirika. Aliona haya. Alisema aliyemkodishia lori alimwahidi kuwa unakwenda jaani. Tukabishana hapo: jaani napo kuna watu, kuna wanaookota, kuna watoto. Kila mahali tulipopataja palikuwa na mtu.

Ba alikuwa akitusikiliza. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na sokoni, lakini hakikuwa na woga.

"Hii lori nakwenda wapi?" akauliza.

Mjukuu wake akamweleza. Ba akanielekezea kidole.

"Huyu nakaa huko?"

"Ndiyo, Ba," nikasema.

"Basi hii udongo hapana toka."

"Ba, ni sumu," mwanawe akamwambia. "Daktari mwenyewe amekuambia."

"Ni sumu yetu," Ba akasema. "Mzee wangu namwaga. Hapana peleka kwa mtu."

Lori liliondoka tupu. Baba mtu alibaki amesimama katikati ya ua, akitazama ile ardhi kama mtu aliyerudishiwa mzigo. Kisha akatugeukia sisi wawili.

"Nyinyi mnasomea vijidudu," akasema. "Haya. Mpaka mvua za vuli. Mkishindwa, nitamwaga saruji juu ya ua wote na habari iishe."

Tuliangaliana. Sijui nani kati yetu alitangulia kucheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyeambiwa apande mlima akagundua kuwa viatu tayari anavyo.

Profesa wetu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kukoroga chai muda mrefu baada ya sukari kuyeyuka. Tulimkuta ofisini tukamwaga kila kitu kwa pamoja, tukikatana maneno.

"Kwa hiyo mnataka kuwafundisha bakteria kula zebaki," akasema.

"Hapana, Profesa," rafiki yangu akasema. "Tunataka kuwatafuta waliokwisha kujifundisha."

Akaacha kukoroga. Alijua tunachokisema, maana yeye ndiye aliyetufunza. Bakteria fulani wana kimeng'enya kinachoikamata zebaki iliyoyeyuka, ile ya chumvichumvi inayoua, na kuigeuza zebaki tupu. Ikishageuka hivyo, huwa mvuke na kutoka mwilini mwao. Kwa kweli hawaili. Wanaitema. Na mahali pa kuwatafuta ni pale ambapo wasio na ufundi huo wamekwisha kufa.

"Swali moja," Profesa akasema. "Ikitoka kwenye udongo ikaingia hewani, mtakuwa mmesafisha nini? Majirani wataivuta."

Rafiki yangu alifungua daftari, akaliandika swali lile.

"Basi mna kazi mbili, si moja. Kumpata mfanyakazi, na kuinasa kazi yake." Akatupatia meza ya pembeni, ile iliyo karibu na dirisha lisilofunga vizuri, na kabati la joto la zamani ambalo hakuna mwanafunzi mwingine aliyelitaka.

Tulianza. Udongo wa mkebe tuliukoroga kwenye maji safi, tukachukua tone, tukalipaka juu ya visahani vya kioo vyenye chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli. Ndani ya jeli tulikuwa tumetia zebaki. Tukavifunika, tukaviingiza kwenye kabati la joto, tukaondoka kwa unyenyekevu kama watu wanaotoka kanisani.

Asubuhi hapakuwa na kitu. Siku iliyofuata hapakuwa na kitu. Jeli ilibaki nyororo na safi, tena nzuri kwa macho, na mimi niliichukia. Wiki ile umeme ulikatika mara kwa mara, kabati likapoa, tukawa tunavifunga visahani kwa blanketi na chupa za maji moto. Rafiki yangu alisema Ba ndivyo anavyolaza mtindi wake. Nami nikamwambia mama yangu hulaza maziwa kwenye kitete, kile kibuyu chetu, na kuyaweka pembeni mwa jiko. Tukacheka kwamba akina mama wote wawili wamefuga bakteria maisha yao yote na hawajawahi kuita hiyo elimu.

Tukapunguza zebaki kwenye jeli. Hilo halikuwa jambo la ushujaa, lakini hata mtu mwenye nguvu humtwishi gunia zima mara ya kwanza.

Kisha ikafika asubuhi moja ya Alhamisi. Nilikuwa nimetangulia. Nilifungua kabati, nikatoa kisahani cha kwanza, nikakiinua kuelekea dirishani, na pale kwenye jeli palikuwa na vidoa. Vidogo, vya rangi ya maziwa. Nikatoa cha pili. Vidoa. Cha tatu kilikuwa na kimoja kikubwa, cha kijani kama nyama ya parachichi, kimekaa peke yake katikati kama mwenye nyumba.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini sakafuni nikiwa nimekishika kifuani. Rafiki yangu aliponikuta hivyo alidhani nimeugua.

"Una nini? Aki niambie!"

Nikamwonyesha. Yeye ndiye aliyepiga kelele, hata Profesa akatoka ofisini na kijiko mkononi. Alikiinua kile kisahani, akakitazama upande huu na upande huu, akasema polepole, "Karibuni Nairobi." Alikuwa anawaambia bakteria.

Tukawahamishia kwenye jeli yenye zebaki zaidi, kisha zaidi tena. Wale wa maziwa walipungua kila tulipoongeza. Yule wa kijani hakujali. Alistawi pale ambapo kitu chochote kingine kilikuwa kimeshakufa, na kila asubuhi tulikuwa tunakimbia ngazi kwenda kumwona kama watu wenye mtoto mchanga.

Lakini Profesa hakuwa mtu wa kuridhika upesi.

"Kuishi ndani ya sumu si kuiondoa," akasema. "Huenda amejifungia tu ndani ya ngozi yake. Nionyesheni kwamba inatoka."

Mashine ya kupima mvuke wa zebaki hatukuwa nayo, na ile tuliyoisikia iko mahali fulani ilikuwa imeharibika. Ni Profesa mwenyewe aliyetupatia njia, siku moja akipita mlangoni. Mvuke wa zebaki, akasema, huchoma filamu ya eksirei. Huiacha na doa jeusi, kama mwanga ufanyavyo. Akaenda zake.

Kwa hiyo tukajikuta mtaa wa Kilimani, kwenye kliniki moja ndogo iliyokuwa ghorofa ya chini ya jengo jipya, tukimsihi mpiga picha wa eksirei. Alikuwa dada wa makamo, mchangamfu, mwenye aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia miale. Alisikiliza yote, akauliza, "Kwani hao wadudu wenu wamevunjika mfupa?" Halafu akacheka mpaka akatoa machozi, akatufungulia chumba chake cha giza.

Tulikuwa tumekuja na kisahani cha plastiki chenye vishimo. Nusu ya vishimo tulitia maji ya zebaki pamoja na bakteria wetu wa kijani. Nusu nyingine tulitia maji yale yale ya zebaki, bila kiumbe chochote. Tukavaa barakoa, tukawasha feni ya kutoa hewa, na ndani ya ule mwanga mwekundu tukalaza filamu juu ya kisahani bila kuvigusanisha. Kisha yule dada akafunga mlango na kutufukuza.

"Nendeni mnywe chai. Mkikaa hapa mtanitia wazimu."

Tulikunywa chai kwenye kibanda nje ya jengo lililokuwa likijengwa, katikati ya mafundi na vumbi la saruji. Sikumbuki ladha yake. Rafiki yangu alikuwa akikata mandazi vipande vidogo vidogo bila kukila hata kimoja. Tuliporudi, yule dada aliichovya filamu kwenye dawa mbele yetu, akaitikisa taratibu kwenye sinia. Mwanzo ilikuwa tupu. Halafu, upande mmoja, kitu kikaanza kujitokeza. Duara. Duara jingine kando yake. Safu nzima ya maduara meusi, yakizidi kukolea, yamepangika kama vifungo vya koti. Upande wa pili ulibaki mweupe kabisa.

"Nimeona mapafu mengi," akasema yule dada, "lakini haya ni ya nani?"

Tulikuwa tumekumbatiana, tunaruka ruka ndani ya kile chumba cha giza, na yeye anatuonya tusimwage dawa zake, na mwishowe naye anaruka pia bila kujua sawasawa anarukia nini.

Tulitembea kwa miguu kutoka Kilimani mpaka Parklands, kwa sababu hakuna kati yetu ambaye angeweza kukaa kitako. Filamu tulikuwa tumeifunga ndani ya bahasha kubwa ya kliniki, na njia nzima tulikuwa tunaitoa, tunaiangalia, tunairudisha. Tulipofika, Ba alikuwa jikoni. Akajifuta mikono, akaichukua filamu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha kama daktari.

"Hii nyeusi ndiyo zebaki?"

"Ndiyo, Ba," mjukuu akasema. "Inatoka. Wanaitoa."

Alipitisha kidole juu ya maduara, moja baada ya jingine. Nilidhani atafurahi nasi. Badala yake alirudi kwenye duara la kwanza, akaligonga kwa ukucha.

"Mzee napimwa kifua. Napimwa damu. Napimwa kichwa. Hakuna mtu naangalia chini ya mguu yake."

Rafiki yangu akamshika bega. Ba akatikisa kichwa, akatoa filamu dirishani, akaturudishia. Kisha akaweka sufuria ya chai jikoni, akatwanga tangawizi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na akasema, sasa tumwambie anunue nini ili kazi ianze.

Kazi ilianza kwa pipa la plastiki la buluu. Tuliingiza udongo, maji, na ndoo ya bakteria tuliowakuza maabara. Kwa chakula tuliwapa sukari guru iliyoyeyushwa, ambayo Ba alisisitiza kuiyeyusha mwenyewe. Hewa tuliisukuma kwa pampu ndogo ya kufugia samaki wa mapambo. Kifuniko tulikibana kwa mpira, na juu yake tukatoa bomba moja tu. Bomba hilo lilipita kwenye mikebe iliyojazwa makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na salfa, ile wanayopulizia maua dhidi ya ukungu, kwa kuwa zebaki na salfa zikikutana haziachani. Hilo ndilo lilikuwa jibu letu kwa lile swali la Profesa. Tuliweka kila kitu nje, chini ya turubai, mbali na madirisha.

Pipa la kwanza lilikufa. Baada ya siku chache lilinuka kama yai viza, na tulipopaka tone lake kwenye jeli hapakuota kitu, hata yule wa kijani. Nilirudi Kangemi siku ile nimechoka hadi kwenye mifupa. Nilikuwa nimejenga hoja nzima kichwani kwamba bakteria wa udongo huu hawawezi kuuawa na udongo huu, na bado walikuwa wamekufa.

Rafiki yangu ndiye aliyeona. Asubuhi iliyofuata alikuja maabara anakimbia, koti liko kombo.

"Tindikali!" akasema. "Tumesahau tindikali ya babu!"

Ilikuwa kweli. Chini ya ukuta ule babu hakumwaga zebaki pekee. Udongo ulivyokuwa umekaa, makali yalikuwa yamejificha ndani ya madongoa, na bakteria waliishi penye nafuu. Tulipoukoroga wote kwa maji tukayafungulia makali yote kwa mara moja. Tukapima, na yale maji yalikuwa makali kama ndimu. Dawa yake ilikuwa mfuko wa chokaa kutoka duka la kilimo. Tulitia, tukapima, tukatia tena mpaka ukali ukatulia, ndipo tukawaingiza bakteria, safari hii kidogo kidogo, tukiwapa nafasi ya kuzaana kabla ya kuongeza udongo mwingine.

Pipa la pili lilipumua. Nasema lilipumua kwa sababu ukitega sikio ulisikia, na povu lilipanda kama la maziwa yanayotaka kuchemka. Yule dada wa eksirei alikuwa ametupatia vipande vya filamu. Tulivifunika kwa karatasi nyeusi mwanga usije ukatudanganya, tukaweka kimoja kwenye bomba kabla ya makaa, na kingine baada ya makaa. Tulipovisafisha Kilimani, cha kwanza kilikuwa kimechomeka cheusi tititi. Cha pili kilikuwa safi.

Nilimpelekea Profesa vyote viwili. Aliviweka kando kwa kando juu ya meza, akavitazama, akasukuma kikombe chake cha chai pembeni.

"Kazi ya kwanza," akasema, akigusa kile cheusi. "Na kazi ya pili," akigusa kile cheupe. Halafu alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akavaa koti, akafunga ofisi, akasema, "Twendeni nikalione hilo pipa."

Baba yake rafiki yangu, kwa upande wake, hakutaka kuamini vipande vya filamu. Alikuwa mfanyabiashara, na alijua kuwa anayependa kitu hukiona hata kisipokuwapo. Pipa lilipotulia tulikausha udongo wake, naye akachota mwenyewe kwa mkono wake, akaupeleka mwenyewe kwa yule mkemia wa serikali, bila kusema umetoka wapi. Tukangoja. Katika kungoja huko niliungua mkono kwenye jiko, nikavunja chupa mbili maabara, na nikasahau siku ya kuzaliwa ya mama yangu.

Simu ililia saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa kwenye nyasi za chuo. Rafiki yangu aliiweka katikati yetu, tukainamisha vichwa pamoja ili tusikie.

"Mkemia amenigombeza," baba yake akasema. "Amesema nisimpotezee wakati. Ameniuliza kwa nini nimebadilisha udongo."

"Umemwambia nini, Baba?"

"Nimemwambia ni ule ule. Akapima tena mbele yangu. Iliyobaki ni kidogo sana, beti, binti yangu. Amesema hiyo asingeogopa kuilima."

Yale yaliyofuata pale nyasini waliyaona wanafunzi wengi, na baadhi yao wananitania hadi leo.

Tuliendelea pipa baada ya pipa mpaka mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya. Hatukumaliza. Pale penyewe chini ya ukuta zebaki ilikuwa imezama ndani sana, chini ya msingi, mahali ambapo sepeto zetu hazikufika, na hapo baba mtu alimwaga saruji kama alivyosema. Sehemu nyingine yote ya ua ilirudishiwa udongo wake. Makaa yaliyonasa zebaki tuliyafungia kwenye mitungi ya kioo, tukayakabidhi kwa mkemia yule yule, ambaye sasa alikuwa rafiki na alikuwa na stoo ya vitu vya namna hiyo.

Mvua iliponyesha Ba alipanda uwatu. Tulipima majani kabla ya mtu yeyote kuyagusa, na majibu yalipokuwa mazuri alitukatia mafungu mawili, akayapondea kwenye unga, akatupikia chapati za kijani zenye pilipili. Profesa alikula nne akisingizia kwamba ni uchunguzi.

Mwaka uliofuata tulieleza kazi yetu kwenye mkutano wa watu wote pale chuoni. Nilizungumza kwa haraka mno, nikasahau kunywa maji, na slaidi moja iliwekwa kichwa chini miguu juu. Watu walipoanza kutoka, mama mmoja aliyevaa kitambaa cha kanisa alibaki amesimama karibu na mlango. Alikuwa amekuja Nairobi kumsalimu mwanawe anayesoma hapo, akaingia ukumbini kwa sababu alisikia neno zebaki kwenye kipaza sauti. Alitoka sehemu za magharibi, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko, akaniambia, akina mama huichanganya zebaki kwa mikono mitupu ndani ya karai lile lile la kuogea watoto.

"Hao wadudu wenu," akauliza, "wanaweza kuja kwetu?"

Nilimweleza ukweli. Nilisema kwamba wa kwetu wamezoea ua mmoja wa Parklands, kwamba kwenye mto mambo ni tofauti na kwenye pipa, na kwamba jambo la kwanza si wadudu bali ni mikono ya wale akina mama kuacha kuigusa. Lakini nilisema pia kwamba tope la kwao, kama lilivyokaa na zebaki miaka mingi, huenda lina wa kwake tayari, na hakuna aliyewahi kuwatafuta.

"Basi njoo uwatafute," akasema, kama mtu anayekualika chakula cha jioni.

Rafiki yangu alikuwa upande wa pili wa ukumbi akikunja bango letu. Nilimwita kwa sauti iliyofanya watu wageuke. Juma lile lile tulikuwa kwa yule mama, suruali zimekunjwa hadi magotini, tumesimama ndani ya kijito chekundu tukichota tope kwa vikombe, na wenyeji wamejaa ukingoni wakiuliza wageni hawa wamepoteza nini.